Kuku wa Banda la Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya jua kupanda juu ya miti ya mpira, Rosmaini aliteremka ngazi za nyumba ya bibi yake akiwa amevaa sare ya shule na ameshika ndoo mkononi. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo kama nyumba nyingine za kijiji hicho cha kando ya Mto Perak, nchini Malaysia. Nyuma yake kulikuwa na mabanda mawili ya kuku wa mayai, yametenganishwa na wavu tu. Banda la kulia lilikuwa la binamu yake, Adlina. La kushoto lilikuwa lake.

Chakula cha kuku kilikaa katika magunia mawili chini ya nyumba, moja limefungwa kwa uzi mwekundu na jingine kwa uzi mweupe. Ungechota kiganja cha hiki na kiganja cha kile, kwa macho usingeona tofauti: mahindi yaliyosagwa, mashudu ya soya na chokaa kidogo. Lakini gunia la uzi mwekundu lilichanganywa na unga uliotengenezwa na bakteria. Unga huo ndio uliowakosanisha wasichana hao wawili, ingawa mmoja wao hakujua kwamba wamekosana.

Mama yake Rosmaini, Dokta Khairiah, alikuwa mtafiti katika kituo cha mifugo mjini. Wanakijiji walimtania kwa kumwita Dokta Kuku, naye alicheka nao. Kwa muda mrefu vifaranga wa kijiji walikuwa wakianguliwa na miguu legelege, na wengine wakifia ndani ya mayai. Mzee Tarmizi, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, alikuwa amepoteza wengi hadi akaanza kusema kwamba afadhali abomoe mabanda yake apande miti ya matunda ya doriani.

Dokta Khairiah aligundua kwamba chakula walichowapa kuku kilikuwa na upungufu wa madini yaitwayo seleniamu. Kuku huyahitaji kidogo mno, kama mchuzi unavyohitaji chumvi. Yakikosekana, kuku hudhoofika, hasa joto likiwa kali. Yakizidi, ni sumu. Seleniamu ya kawaida huja kama chumvi kali, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kutumika. Ndipo yeye na wenzake walipowatafuta bakteria waishio udongoni, ambao wakilishwa chumvi ile huigeuza kuwa chembe ndogo ajabu, zisizoonekana hata kwa hadubini ya shule. Chembe hizo zilikuwa salama zaidi, na walitumaini kwamba mwili wa kuku ungezipokea vizuri. Sasa ilibaki kuzijaribu kijijini, kwenye joto lenyewe, kwa kuku wa watu.

Adlina alikuja kuishi nao mwanzoni mwa mwaka wa shule. Baba yake, ambaye ni mdogo wake Dokta Khairiah, alikuwa amepata kazi Singapuri pamoja na mkewe, na chumba walichopanga huko hakikutosha watu watatu. Siku ya kwanza Adlina alitapika ndani ya gari. Tangu hapo akapewa kiti cha mbele, kiti ambacho Rosmaini alikuwa amekikalia tangu enzi ambazo miguu yake ilikuwa haifiki chini.

Hilo angeweza kulivumilia. Kilichomchoma ni maswali. Kila jioni, sahani za wali zikiwa zimetandazwa, Adlina alikuwa na swali.

"Shangazi, bakteria si ndio wanaotuumiza matumbo? Sasa kwa nini tuwapikie kuku chakula nao?"

Mama aliacha kula, akaelekeza kidole kwenye mtungi wa doriani iliyochachushwa, ambayo bibi yao, Opah, aliitumia kupikia samaki. "Na hiyo unayoilamba mpaka vidole, imechachushwa na nani? Bakteria ni kama watu. Wako wezi, wako wafanyakazi."

"Mtungini mwangu wamo wafanyakazi tu," Opah alisema. "Wezi nimewafukuza kwa chumvi."

Wote walicheka isipokuwa Rosmaini. Habari ya wezi na wafanyakazi alikuwa ameisikia akiwa mdogo, wakati mama yake alipokuwa akimsuka nywele, na siku zote alidhani ni hadithi yake peke yake.

Jumamosi moja, Rosmaini akiwa kwenye mazoezi ya mpira wa pete shuleni, mama alimchukua Adlina hadi maabara. Adlina alirudi akiwa hawezi kunyamaza. Alisimulia jinsi alivyovalishwa glavu na kuonyeshwa chupa ya maji ya rangi ya chai hafifu, na chupa ya pili ambayo bakteria walikuwa wamekwisha kuifanyia kazi, imekuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Wekundu ule, alisema, ndio seleniamu yenyewe.

"Natamani ungekuwepo," alimaliza.

Rosmaini alisikia majivuno mahali ambapo hapakuwa na majivuno. "Mimi nimeyaona hayo tangu zamani," alijibu, ingawa hakuwa ameyaona.

Siku ya kugawa mabanda, mama alirusha sarafu ili pasiwe na upendeleo. Sarafu ikampa Adlina banda la kulia na gunia la uzi mwekundu. Rosmaini akaona kwamba hata sarafu imejifunza kumpenda binamu yake. Mama alimweleza kwamba kuku wa banda la kushoto wasile hata punje ya gunia la uzi mwekundu, kwa kuwa wao ndio kipimo. Bila wao hakuna atakayejua kama bakteria wamefanya lolote. Lakini alipokuwa akiyasema hayo, mama aliichukua miwani ya Adlina iliyoingia vumbi la mashudu, akaifuta taratibu kwa ncha ya mtandio wake. Rosmaini alitazama ule mkono. Maneno yakampita.

Shuleni mambo yalizidi. Msichana mmoja wa darasa lao, Sofea, aliyekuwa na ulimi wa haraka, alimuuliza Rosmaini mbele ya wenzake, "Nasikia binamu yako ana kuku wa sayansi. Wako ni wa nini, wa supu?"

Darasa likacheka. Rosmaini alicheka pia, kwa sababu asingecheka wangejua kwamba ameumia.

Kesho yake aliamka mapema kuliko kawaida. Alifungua uzi mwekundu, akachota chakula, akawamwagia kuku wake, kisha akaufunga uzi kama alivyoukuta. Ili gunia lisiishe kabla ya jingine, alichota cha uzi mweupe akakijaza mle alimopunguza. Siku ile ya kwanza alitazama nyuma kila mara. Baadaye hakutazama tena. Alipowaona kuku wake wakidonoa, alihisi amerudishiwa kitu alichoibiwa.

Miezi ikapita, ukafika wakati wa kuangalia matokeo. Wafugaji walikusanyika chini ya nyumba ya Opah, kwenye kivuli kati ya nguzo. Dokta Khairiah alikuwa ameyahifadhi mayai ya mabanda yote mawili rafuni, katika joto, kwa majuma kadhaa. Aliwaeleza kwamba yai la kuku mwenye seleniamu ya kutosha halichakai upesi. Ukilivunja, ute wake husimama. La kuku aliyepungukiwa hutapakaa kama maji.

Alivunja yai la banda la kulia juu ya kioo. Kiini kilisimama, ute ukakizunguka kwa unene. Watu wakanong'onezana kwa furaha. Akavunja la banda la kushoto. Nalo likasimama vilevile.

Akavunja jingine, na jingine tena.

"Dokta, mbona yamefanana kama mapacha?" Mzee Tarmizi aliuliza. "Au wale vidudu wako wamelala?"

Watu walicheka, na hawakuwa na nia mbaya. Kwa dakika moja Rosmaini alifurahi sana. Kuku wake hawakushindwa. Kisha akamwona mama yake akiokota maganda, moja moja, polepole, kama mtu asiyetaka kazi iishe kwa sababu hajui atasema nini ikiisha. Mzee Tarmizi alipoaga, alisema kwa upole kwamba hamlaumu mtu, ila yeye sasa atatafuta mnunuzi wa mbao za mabanda yake.

Mama aliyapeleka mayai yaliyobaki maabara. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Aliwaita wasichana wote wawili, akawaambia kwamba mayai ya banda la kushoto yamekutwa na seleniamu ambayo haikutakiwa kuwamo. Akataka kujua nani alichanganya chakula.

"Mimi nalijua gunia langu," Rosmaini alisema haraka.

Adlina alifikiri. Siku ambazo Rosmaini alichelewa mazoezini, yeye ndiye aliyewalisha kuku wote. "Sidhani kama nilikosea, shangazi," alisema. "Lakini labda. Labda ni mimi."

"Labda haitoshi, Adlina. Hii si sukari. Ukikosea kidogo tu, unaua kuku wa watu." Mama akasema kwamba tangu siku hiyo Adlina asiguse magunia na asiende tena maabara.

Rosmaini angeweza kusema palepale. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini mama akamgeukia yeye, akamshika bega, akamwomba amsaidie kubeba mayai. Ulikuwa muda mrefu hajaombwa jambo. Akafunga mdomo, akabeba mayai.

Alidhani sasa angefurahi. Adlina alirudi mwenyewe kukaa kiti cha nyuma, na kweli alitapika, lakini safari hii ndani ya mfuko aliouandaa mwenyewe, kimya, bila kumsumbua mtu. Mezani hakuuliza tena. Opah alijaribu kumchokoza kwa mzaha, naye alitabasamu tu na kuinama kwenye sahani. Mama alikula akiwa mbali kimawazo. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia kwamba mwaka ukiisha bila jibu, maabara ile watapewa watafiti wengine na utafiti wa bakteria utafungwa.

Alasiri moja, mvua ikiwa imekatika, Rosmaini alimkuta Adlina akisugua vyombo vya kunyweshea kuku. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyokuwa hajakatazwa.

"Rosmaini," alisema bila kuinua macho, "hosteli ya shule inachukua watoto wa umri wetu?"

"Hosteli ya nini?"

"Nimewaharibia kazi. Afadhali niondoke kabla shangazi hajanichoka."

"Mama hawezi kukuchoka wewe. Anakupenda kuliko..." Rosmaini hakumaliza.

Adlina aliweka chombo chini. "Ananipenda nikiwa na faida. Unadhani yale maswali yote yalikuja yenyewe? Mengine nilikuwa nayatunga kitandani ili nisionekane mzigo. Wewe hata ukinuna wiki nzima, ni mtoto wake tu. Mimi nikinuna siku moja, nitapelekwa wapi? Nakuonea wivu mpaka najionea aibu."

Rosmaini alihisi kama amepigwa na mtu ambaye hakuinua mkono. Miezi yote hiyo alikuwa amemhesabia binamu yake kila tabasamu na kila kijiko cha mchuzi, na kumbe mwenzake alikuwa akila kila kijiko kwa hofu. Akapanda ngazi hadi jikoni, ambako mama yake alikuwa akikuna nazi.

"Mama, siyo Adlina."

Mkono wa mama ulisimama juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Ni mimi. Nilikuwa nachota kwenye gunia la uzi mwekundu."

"Mara moja?"

"Karibu kila siku. Na nikajaza pengo kwa chakula cha gunia langu, kwa hiyo la kwake nalo si safi tena."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kuku wangu washindwe."

"Washindwe na nani, Rosmaini? Kuku walikuwa wanashindana?"

Rosmaini alianza kulia. "Uliniambia wao ni kipimo. Sikusikiliza. Nilikuwa naangalia unavyomfutia miwani."

Mama alisogeza nazi pembeni. Alifuta mikono yake kidole kimoja kimoja, hadi Rosmaini akatamani angefokewa.

"Nimekasirika," hatimaye alisema. "Sana, na sitakuficha. Umeharibu kazi ya watu wengi, na umemwacha mwenzako abebe kosa lako. Lakini umekuja mwenyewe, hilo nalo nimeliona. Sasa nenda kamwambie Adlina. Kisha utawaambia wafugaji, kwa mdomo wako. Kwa mkuu wa kituo nitakwenda mimi."

Mama alitangulia kumwomba Adlina radhi kwa kumhukumu kwa neno 'labda'. Kisha ikawa zamu ya Rosmaini. Adlina alimsikiliza hadi mwisho.

"Uliniacha nidhani ni mimi," alisema. "Kila usiku nilikuwa nakumbuka kila ndoo niliyoshika, nikitafuta nilipokosea." Akaingia ndani. Siku kadhaa hakumsemesha, na Rosmaini hakuona haki ya kulalamika.

Mbele ya wafugaji alisema yote: gunia, uzi, wivu. Hakumtaja Sofea, maana aliyechota si Sofea. Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Mzee Tarmizi alivua kofia yake nyeusi, akaivaa tena.

"Kwa hiyo vidudu hawakulala," alisema.

"Hapana, babu. Walifanya kazi mabanda yote mawili."

"Basi mbao zangu zingoje kidogo. Lakini Dokta, safari hii weka kufuli."

"Sitaweka," mama alijibu. "Banda la kushoto litabaki la Rosmaini."

Mkuu wa kituo hakufurahi, lakini alikubali wajaribu tena. Walianza kwa kutupa chakula chote cha magunia yale na kuchanganya kingine. Wakasubiri hadi vipimo vilipoonyesha kwamba mayai ya banda la kushoto hayana tena seleniamu ya ziada. Adlina alirudishiwa gunia lake na ruhusa ya kwenda maabara. Jumamosi moja Rosmaini aliomba kwenda naye, na wakasimama pamoja mbele ya chupa nyekundu, Adlina akieleza na Rosmaini akikiri kwamba kumbe hakuwahi kuiona. Hapo ndipo Adlina alipocheka naye kwa mara ya kwanza.

Asubuhi nyingine Rosmaini aliwatazama kuku wa banda la kulia waking'aa manyoya huku wake wakihema mapema joto lilipopanda, na ule wivu ukamrudia. Haukuwa umekufa. Alichota kwenye gunia la uzi mweupe, akawalisha, akaenda shule.

Wafugaji walipokusanyika mara ya pili, Adlina alivunja yai la banda la kulia. Likasimama imara. Kisha mama akampa Rosmaini yai la banda la kushoto alivunje mwenyewe. Ute ulikimbia hadi ukingo wa kioo kama maji, na kiini kikalala bapa. Mama mmoja alisema, "Maskini," kwa huruma. Rosmaini alivunja jingine, nalo likawa vilevile. Alishtuka kuona mama yake akitabasamu na macho yamelowa.

"Litazameni vizuri hili yai lililotapakaa," mama aliwaambia. "Bila hili, lile la Adlina lingekuwa yai zuri tu, na mtu angesema ni bahati. Hili ndilo linalosema kwamba bakteria wamefanya kazi."

Mzee Tarmizi aliinama juu ya kioo, akatazama upande huu na upande ule, kisha akauliza kuku wake wataanza lini. Mama alimjibu kwamba bado watajaribu katika mabanda mengine, na kwamba lake litakuwa la kwanza. Pia aliahidi kwamba mara jaribio likiisha, kuku wa Rosmaini nao watapata chakula cha wenzao.

Watu walipoondoka, mama na wasichana wake walibaki wakiosha kioo.

"Rosmaini, ulidhani nimekupa banda la makombo," mama alisema. "Nilikupa banda la ukweli, na nilikosea kutohakikisha kwamba umenielewa. Lakini nawe jifunze. Wivu huingia moyoni mwa mtu mmoja, na hasara yake hulipwa na wengi. Angalia: Adlina alikosa usingizi, Mzee Tarmizi alikaribia kubomoa mabanda, na ninyi wawili mkapoteza miezi ya kuwa marafiki. Mapenzi yangu si pumba za kuku, kwamba nikimpimia huyu kibaba, yule amepungukiwa. Siku ukiona umepungukiwa, njoo uniambie. Usiende kuchota kwa siri."

Kisha akamgeukia Adlina. "Na wewe, kuanzia leo una ruhusa ya kununa. Hapa ni kwenu hata usipouliza swali lolote."

Adlina alikaa chini kwenye ngazi, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Rosmaini alikausha mikono yake, akaenda kukaa kando yake.